Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Evolution? Haya ndiyo ya kupima kabla ya kulipa

YEYOTE anayepitia gereji zilizo kando ya Eneo la Viwanda la Thika Jumamosi alasiri, zamu ya mchana ikiwa imetoka, hatakosa kuusikia ubishi huu: kati ya Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, lipi ndilo gari?

Ubishi wenyewe ni wa zamani na aghalabu hauna madhara. Huanza kuwa na madhara pale mmoja wa wabishi anapokuwa amekwisha kuidhinishiwa mkopo na chama chake cha akiba, ameuza Corolla iliyokuwa ikimpeleka kazini Ruiru kila siku, na sasa anataka jibu.

Mtu wa namna hiyo hana haja kubwa ya kuambiwa lipi lina mbio zaidi. Anachohitaji kujua ni lipi litakaloendelea kuwaka asubuhi miaka mitatu ijayo, huku mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara wake.

Thika si mji mgeni kwa magari. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, KVM, kilianzishwa hapa mwaka wa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na ndicho kilichoanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo mnamo Desemba 2016. Hata hivyo, kazi yake imekuwa malori, mabasi na magari ya kawaida. Haya mawili tunayoyazungumzia yaliundwa Japani, na mengi kati ya yaliyoko humu nchini yalishushwa bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika. Mnunuzi wa Thika basi hununua gari pamoja na historia yake, na historia hiyo kwa kawaida haijui.

Ndugu wa mashindano

Impreza WRX na Lancer Evolution ziliingia sokoni Japani mwaka mmoja, 1992, na kwa sababu moja. Kanuni za mashindano ya magari duniani zilimtaka mtengenezaji auze kwa umma maelfu ya magari yanayofanana na lile analolishindanisha. Ndipo kampuni hizi mbili zikachukua magari madogo ya familia, zikayapa injini za lita mbili zenye tabo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kupuliza hewa zaidi ndani ya injini, na zikayafanya magurudumu yote manne yasukume.

Kenya iliyashuhudia yakipambana. Mwaka wa 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Impreza, na tangu hapo jina Subaru likawa kama la nyumbani. Mwaka wa 1996 Tommi Mäkinen alishinda akiwa na Lancer Evolution. Mwaka uliofuata Colin McRae akaipa Impreza ushindi. Mwaka wa 1998 zamu ikarudi kwa Mitsubishi kupitia Richard Burns, aliyeendesha Carisma GT, ambayo chini ya jina hilo ilikuwa Evolution tu. Mwaka wa 2000 Burns huyo huyo alishinda akiwa na Impreza, na 2001 Mäkinen akairudishia Mitsubishi taji.

Kwa maneno mengine, katika miaka sita, ni mwaka wa 1999 pekee ambapo Safari ilishindwa na gari la kampuni nyingine. Mashindano hayo yalitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea 2021, lakini madereva wa humu nchini waliendelea kwa miaka mingi kuzitumia Subaru na Evolution zilizobaki.

Hivyo anayeuliza lipi lina kasi zaidi anauliza swali ambalo wataalamu wenyewe walishindwa kulimaliza. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280. Evolution ilikifikia kikomo hicho mwaka wa 1996, na Impreza ya daraja la juu iitwayo STI ikakifikia pia. WRX ya kawaida ya mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa na 250. Tofauti ya farasi 30 kati ya Thika na Ruiru ni jambo la kujivunia tu, kwani sheria inaruhusu mwendo wa kilomita 110 kwa saa usipitwe na gari la kibinafsi hata kwenye barabara kuu, na 50 katikati ya mji.

Injini mbili, tabia mbili

Tofauti ya kweli huanza pale boneti inapofunguliwa.

Injini ya Subaru, ambayo mafundi huiita EJ20, imelala. Pistoni zake nne zimepangwa mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, zikisukumana nje na ndani mithili ya ngumi za mabondia. Mpango huo huiweka injini chini, na gari hushika barabara vizuri katika kona. Gharama yake huonekana gerejini. Plagi ziko pembeni, zimebanwa na kuta za gari, na fundi hulazimika kuondoa betri na kasha la kichujio cha hewa ili azifikie. Gasketi za vichwa vya injini ni mbili badala ya moja, na kuzibadilisha huwa ni kuishusha injini nzima.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi katika injini hii ni kuuawa kwa beringi za mkono wa pistoni kwa sababu ya upungufu wa oili. Subaru yenye tabo hunywa oili, na dereva asiyekagua kijiti mara kwa mara hugundua pale anaposikia mgongo wa chini unaoongezeka kadiri anavyokanyaga mafuta. Kufikia hapo fundi hana la kufanya isipokuwa kuifungua injini yote.

Kuna jambo dogo la kuwaambia vijana wanaoipenda Subaru kwa sababu ya mngurumo wake. Sauti ile ya kudunda haitokani na kulala kwa injini peke yake. Hutokana pia na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Matoleo mengi ya Japani ya STI kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 yalipewa mabomba yaliyolingana, na hayadundi. Wapo walioagiza gari kwa ajili ya sauti wakaletewa gari zuri lililo kimya.

Injini ya Evolution kutoka toleo la kwanza hadi la tisa ni 4G63. Imesimama wima, pistoni zote nne zikiwa zimepangwa mstari mmoja, na mwili wake ni wa chuma cha kusubu. Ni nzito, lakini ni ngumu. Ndiyo maana waendeshaji wa mashindano waliipenda: huvumilia kuongezewa upepo wa tabo kuliko ile ya Subaru, na fundi huifikia kwa urahisi. Toleo la kumi, lililotoka mwaka wa 2007, lilibadilishiwa injini ikawa 4B11, yenye mwili wa alumini na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi.

Mkanda huo unastahili kutajwa tena. EJ20 na 4G63 zote huutumia, na zote mbili ni za aina ambayo mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Unapaswa kubadilishwa inapokaribia kilomita 100,000. Evolution ina mkanda wa pili mdogo unaozungusha vyuma vya kutuliza mtetemo, ambao mafundi wasioizoea huusahau. Kwa kuwa mita za magari ya mitumba hurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu, mnunuzi asiyeonyeshwa ushahidi wa tarehe na kilomita za kubadilishwa kwa mkanda aubadilishe kabla ya kwenda popote, na gharama hiyo aiondoe katika bei anayotoa.

Kwa injini pekee, basi, Evolution ya zamani inaishinda Impreza. Lau gari lingekuwa injini tu, makala haya yangeishia hapa.

Petroli ya Japani na petroli yetu

Lipo suala ambalo wauzaji wengi hawaligusi, nalo linayahusu magari yote mawili. Kompyuta za injini hizi zilipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipungui okteni 96. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia. Petroli ya super inayouzwa katika vituo vyetu ina okteni ya chini kuliko hiyo.

Matokeo yake ni kwamba tabo inapopuliza kwa nguvu, petroli huweza kuwaka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ukaipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Kompyuta huusikia mgongo huo na kuchelewesha plagi kuwasha, hivyo gari likabaki salama lakini likapoteza sehemu ya nguvu. Hatari kubwa huja pale mwenye gari wa kwanza alipobadilisha ekzosi, akaongeza upepo wa tabo, na kumpa mtu asiye mjuzi aichezee kompyuta. Hapo kinga ya kiwandani huwa imeondolewa. Pistoni za Subaru, hasa sehemu nyembamba zinazoshika ringi, huvunjika mapema. Za Evolution hustahimili zaidi, ila nazo zina mwisho.

Kwa hiyo gari ambalo halijaguswa lina thamani kuliko lililorembeshwa. Ajabu ni kwamba sokoni mambo huwa kinyume: tangazo lenye orodha ndefu ya vipuri vya mashindano huombewa bei ya juu. Kwa anayetafuta gari la kwenda kazini, orodha hiyo ni ya kumpa wasiwasi. Akinunua, apange pia kujaza petroli ya okteni ya juu katika vituo vinavyoiuza, na kumlipa mtaalamu aipangie kompyuta upya kwa petroli ya hapa, kwa kiasi na si kwa tamaa.

Ni haki kuongeza kwamba tabo ina faida ya pekee katika nyanda zetu. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Yenye tabo hujipulizia hewa inayokosekana, na ndiyo sababu mtu aliyezoea Corolla hushtuka anapoikanyaga Impreza kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya injini

Evolution nyingi za daraja la GSR zina mtambo unaogawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto ili gari lijipinde lenyewe katika kona. Kiwanjani ni raha tupu. Lakini mtambo huo hutegemea pampu ya mafuta ya haidroliki, na katika toleo la kumi pampu hiyo imewekwa nyuma karibu na gurudumu, mahali ambapo maji na matope huifikia. Hushika kutu na kufa. Vilevile baadhi ya magari ya toleo hilo yana giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe, na ikiharibika bei yake yaweza kumfanya mwenye gari alifunike turubai kwa mwaka mzima.

Impreza nayo ina udhaifu wake. Giaboksi ya gia tano ya WRX ya kawaida haipendi kuondoshwa kwa vishindo. Anayeachia klachi ghafla ili kuwafurahisha wapita njia wa Kamakis hatakawia kuisikia ikisaga. Ile ya gia sita ya STI ni imara zaidi, na bei ya STI ni ya juu ipasavyo.

Hapa, hata hivyo, ndipo mizani inapoanza kuelemea upande wa Subaru kwa mkazi wa Thika. Beringi za magurudumu, bushi, radieta, vitambuzi na sehemu nyingi za injini za WRX hufanana au hukaribiana na za Impreza ya kawaida, Forester na Legacy, magari yaliyojaa katika barabara zetu. Kipuri kisipopatikana Thika, kitapatikana katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kikiwa kipya au kimetolewa kwenye gari lililovunjwa. Mafundi walioizoea injini iliyolala nao ni wengi. Evolution, ingawa ina jina la Lancer, imeachana na Lancer ya kawaida katika karibu kila kitu cha thamani. Kipuri chake mara nyingi huagizwa nje, na gari hulala likingoja wiki kadhaa huku mwenyewe akipanda matatu.

Mlango unaofungwa

Sheria nayo imeingilia kati. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mitsubishi ilikoma kuunda Lancer Evolution mwaka wa 2016. Maana yake ni kwamba Evolution yoyote inayouzwa leo kihalali humu nchini ni ile iliyokwisha kuingia zamani, na idadi yake hupungua kila moja inapopata ajali.

STI yenye EJ20 iko njiani kuelekea huko huko. Subaru iliiaga injini hiyo Japani kwa toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa mwaka wa 2019. Anayetaka kuagiza Subaru ya mbio iliyo changa zaidi hubaki na WRX S4, ambayo ina injini nyingine ya kulala yenye mnyororo badala ya mkanda, na giaboksi ya kujiendesha. Wapenzi wa gia za mkono huidharau. Mimi nadhani kwa msongamano wa asubuhi pale Ruiru inastahili kuangaliwa mara ya pili.

Anayeagiza na apige hesabu ya kodi mapema. Tuchukue gari la lita mbili ambalo forodha imelithamini kwa Sh1,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35, uliopandishwa kutoka 25 mwaka wa 2023, ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 25, nao huhesabiwa juu ya jumla hiyo: Sh337,500. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote: Sh270,000. Jumla ni Sh957,500, kabla ya ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli na gharama za bandari. Gari limekuwa mawili.

Kwa aliyenunua humu nchini, gharama inayosahaulika ni bima. Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozidi miaka 15, na Impreza na Evolution nyingi zilizopo zimepita umri huo. Anayebaki na bima ya kulinda wahusika wengine pekee ajue kwamba gari likiibwa au likipinduka, mkopo utaendelea kulipwa bila gari.

Mafuta hayatenganishi haya mawili. Katika safari za mji na barabara kuu, lolote kati yao litampa mwendeshaji mtulivu kilomita saba hadi tisa kwa lita. Kutoka Thika hadi Ruiru na kurudi ni kama kilomita 40, yaani takriban lita tano kwa siku, na lita 130 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Azizidishe kwa bei inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14, kisha alinganishe na alichokuwa akilipia Corolla.

Uamuzi

Kwa aliye na gari jingine la kumpeleka kazini, aliye na mahali salama pa kuegesha na fedha za akiba zisizo za mkopo, Evolution ya toleo la nane au la tisa ambayo haijachezewa ndiyo ningemshauri aitafute. Injini yake ni bora, na kwa kuwa haziundwi tena, bei ya iliyotunzwa vizuri haiporomoki kwa urahisi.

Kwa kijana wa zamu aliyeuza Corolla yake, jibu ni Impreza WRX ya kawaida. Si STI, na si Evolution. Itaharibika, bila shaka. Lakini itaharibikia mahali ambapo kuna fundi anayeijua na duka lenye kipuri, na bei ya kipuri hicho haitamla mshahara wa miezi mitatu. Tena asitumie mkopo wote kununua gari. Sehemu ya fedha hizo aiweke kwa ajili ya mkanda, oili, magurudumu na breki za miezi ya mwanzo.

Kabla ya kulipa, athibitishe hati ya umiliki katika mfumo wa NTSA. Kadhalika apekue sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyowekwa kwa sheria ya 2017, maana magari ya namna hii hupenda kuwekwa rehani. Ukaguzi wa kujitegemea, kwa mfano wa AA Kenya, au wa fundi wake mwenyewe akipima mgandamizo wa kila silinda, hugharimu kidogo ukilinganisha na injini. Silinda moja ikiwa chini sana ya nyingine, gari hilo aliache, hata rangi iwe nzuri namna gani.

Na gari alikute likiwa baridi. Aguse boneti kwanza. Injini ya Subaru inayogonga, au tabo inayovuja oili, hujifichua katika dakika ya kwanza baada ya kuwashwa, kwa sauti na kwa moshi wa rangi ya buluu, kisha hutulia injini inapopata joto. Iwapo muuzaji amekwisha kuiwasha kabla mteja hajafika, na amwambie kwa adabu kwamba atarudi kesho alfajiri.